Roosevelt: Rais aliyeuawa na presha kabla ya tembe kupatikana

Franklin D. Roosevelt alizaliwa mwaka 1882 huko Hyde Park, New York, kwa watu wenye pesa zao. Polio ilimpooza miguu akiwa na miaka 39. Bado aliingia Ikulu ya Marekani 1933, akashinda uchaguzi mara nne, jambo ambalo hakuna mwingine amewahi kufanya.

Miguu kila mtu aliijua. Presha je?

Machi 1944, vita vikiwa vimechacha, daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima akakuta 186 kwa 108. Moyo ulikuwa umevimba na kuanza kulemewa. Bruenn alikuwa na nini mkononi? Digitalisi ya kuupa moyo nguvu, chakula cha chumvi kidogo, mapumziko, na kumsihi apunguze sigara. Basi. Tena enzi hizo kuna madaktari walioamini kwamba presha ikipanda ni mwili unajitafutia damu, usiiguse!

Ajabu ni kwamba Roosevelt hakuuliza anaugua nini, na Bruenn alikuwa ameagizwa asimwambie. Daktari wake mkuu, Ross McIntire, mtaalamu wa pua na koo, naye akazidi kuwaambia wananchi kuwa mzee yuko fiti. Novemba wakampigia kura tena bila kujua. Hapo kwa kweli walichezwa.

Februari 1945 alisafiri hadi Yalta kukutana na Churchill na Stalin, akiwa amekonda vibaya. Aprili 12, akiwa Warm Springs, Georgia, akichorwa picha, kichwa kilimuuma ghafla, akazimia. Presha ilikuwa imepita 300 kwa 190. Mshipa ulikuwa umepasuka ubongoni. Alifariki siku hiyo hiyo, akiwa na miaka 63.

Dawa za maana za presha zilianza kuja miaka ya 1950. Lakini ile ambayo ingemfaa zaidi, kwa kuwa moyo wake pia ulikuwa umechoka, iliidhinishwa Marekani 1981: captopril, iliyotokana na utafiti wa sumu ya jararaca, nyoka wa Brazil. Huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza kemikali ya kubana mishipa. Mishipa ikilegea, moyo hausukumi damu kwa taabu.

Ndugu yake ni enalapril, tembe ambayo huenda hata shosho wako humeza kila siku. Ikimletea kikohozi kikavu, amwambie daktari ambadilishie, asiiache kimyakimya.