Mzee wa Kwihara na data zake

Leo siasa tuiweke kando kidogo.

Wengi wetu hapa Tabora tulimaliza habari za David Livingstone kwenye mtihani wa historia: mmisionari, mpelelezi, akakutana na Stanley Ujiji, basi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipoanza kujifunza mwenyewe bayoinfomatiki. Kwa lugha nyepesi, ni kazi ya kuchukua taarifa nyingi za viumbe, mfano herufi za vinasaba, ukazisafisha kwa kompyuta, ukazihesabu, halafu ukazichora ili macho yaone kilichomo. Sheria ya kwanza niliyokutana nayo: data ghafi usiiguse, fanya kazi kwenye nakala. Nikajiuliza, mbona wanakazania hivyo? Jibu nimelipata kwa mzee aliyekaa Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini.

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Hakuwa mtoto wa kishua. Akiwa na miaka 10 tu alikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba, anasoma usiku baada ya kazi. Akasomea udaktari Glasgow, akahitimu 1840, na mwaka uliofuata akafika Afrika Kusini. Huko tabia yake moja ikajitokeza: jamaa anaandika kila kitu. Mvua, joto, homa, mimea, wadudu.

Mdudu mmoja aliyemshughulisha ni mbung'o. Mjomba wangu ni mrina asali, na akitoka porini mgongo wake unasema wenyewe, kwa hiyo huyu mdudu tunamjua. Livingstone aliona ng'ombe na farasi wakikonda na kufa baada ya kuumwa naye, akaandika dalili moja moja. Kitabu chake cha safari kilipotoka 1857, ukurasa wa jina uliwekwa mchoro wa mbung'o. Hapo hakuna kompyuta wala grafu, lakini wazo ni lile lile: mwonyeshe msomaji.

Sasa angalia. Yeye alidhani mdudu anaingiza sumu, na kwamba binadamu hadhuriki. Alikosea. David Bruce aligundua 1895 kuwa kinachoua mifugo ni vijidudu anaovibeba mbung'o, na baadaye ikajulikana kuwa malale inaua watu pia. Maelezo ya Livingstone yameanguka, lakini dalili alizoandika zimebaki. Aliyekuja baada yake aliweza kuzitumia kwa sababu ziliandikwa kama zilivyoonekana.

Mwaka 1866 akaingia bara kwa safari ya mwisho, kutafuta chanzo cha Nile. Januari 1867 mikosi ikamwandama. Sanduku la dawa liliibwa na waliomtoroka. Saa zake za kupimia mahali alipo nazo zilipata hitilafu baada ya mbebaji kuanguka, na vipimo vyake vikapotoka. Kosa dogo la kipimo. Lishike hilo, tutalirudia.

Mwaka 1871 akiwa Nyangwe, Kongo, karatasi na wino vikamwishia. Akachukua magazeti ya zamani, akaandika juu ya chapa yake, akikatisha mistari, kwa wino wa mbegu za huko. Tarehe 15 Julai akashuhudia wafanyabiashara wakipiga risasi watu sokoni. Waliuawa mamia, wengi wao wanawake. Akaandika papo hapo.

Stanley akamkuta Ujiji, wakaja wote Unyanyembe, wakafika Februari 1872. Daftari lake kubwa, alilonakilia habari zake kwa mpangilio, hadi leo linaitwa kwa jina la Unyanyembe. Yaani sisi! Stanley akaondoka nalo Machi 14, na taarifa za Nyangwe zilipofika Uingereza zikaongeza shinikizo dhidi ya biashara ya utumwa. Soko la watumwa Zanzibar likafungwa 1873.

Mzee akabaki Kwihara akisubiri wabebaji hadi Agosti 25. Akarudi kusini, akaingia mabwawa ya Bangweulu, na pale vile vipimo vilivyopotoka vikamchanganya, hajui ziwa liko upande gani. Mvua, njaa, tumbo la damu. Akafa kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Sisemi saa ndiyo iliyomuua, lakini ramani mbovu ilichangia kumfikisha pabaya.

Hapa ndipo wanaingia watu ambao mtihani unawataja kwa mstari mmoja tu: Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao. Waliukausha mwili, na Wainwright akaorodhesha mali zote za marehemu kimoja kimoja. Wakabeba mwili na makaratasi kwa miguu. Oktoba wakafika Tabora, wakamkuta Luteni Cameron. Akawashauri wazike hapa hapa, wakakataa. Vipimo vingi akavichukua yeye, wao wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, Februari 1874. Livingstone akazikwa Westminster Abbey Aprili 18. Bila wale wabebaji, hakuna daftari, hakuna data, hakuna chochote.

Na yale magazeti ya Nyangwe? Wino ulififia, ikawa kazi kusoma. Miaka 140 ikapita. Kisha watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki wakayapiga picha chini ya mianga tofauti, mingine jicho haliioni, na kompyuta ikatenganisha mwandiko na chapa ya gazeti. Mwaka 2011 wakauweka wazi kwenye intaneti. Walipolinganisha na daftari la Unyanyembe, kumbe maneno hayafanani kila mahali! Baadhi ya mambo kuhusu mwenendo wa watu wake mwenyewe yalikuwa yamelainishwa kwenye nakala safi.

Hapo nikaielewa ile sheria. Mtu mkweli kama yule, shahidi wa mauaji, naye alipokaa kunakili mkono wake ulipunguza makali. Tunajua kwa sababu tu gazeti ghafi halikutupwa. Je, mimi na wewe tunaofuta namba isiyopendeza ili grafu ikae vizuri?

Mwaka 2014 wanasayansi zaidi ya 140, wakiwemo wa Afrika, walitangaza jenomu ya mbung'o, jamii ile ile aliyoandika habari zake Livingstone. Herufi kama milioni 366. Hakuna anayeweza kuzisoma kwa macho, lazima uchambue na uchore. Programu kama R ni za bure, mtu wa Ng'ambo au Cheyo anaweza kuanza leo. Ila mbung'o wako porini kwetu, na anayeumwa ni mjomba wangu, si kompyuta. Namba ikichezewa huku mwanzo, dawa itakosewa kule mwisho.

Basi mdau, ukifungua faili lako la kwanza, hifadhi nakala ghafi pembeni, andika tarehe, kisha ndiyo uanze mbwembwe. Wataalamu wa maabara mnaopita hapa, nirekebisheni na mtupe mwongozo hapo chini. Tuko pamoja.