Mackay wa Uganda, Injinia Aliyebaki Mwanafunzi

Safari hii tumechagua kuwaeleza maisha ya Alexander Mackay, injinia aliyekuja Afrika zamani sana kwa kazi ya Injili. Wengi wenu mmesikia jina lake kanisani. Lakini sisi tumemchagua kwa sababu ya neno moja linalosikika kila siku katika madarasa yetu hapa Mulongwe. Mtu wa Pedagojia akiona hesabu ni ngumu, anasema eti hii si ya seksioni yangu. Mtu wa Biokemia anasema vilevile juu ya jiografia. Na wa Komersi anauliza Kiswahili na historia vitamletea pointi ngapi katika mtihani wa Serikali. Basi, tutazame maisha ya mtu huyu, tuone kama neno hilo lina nguvu.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, tena mwandishi wa vitabu vya jiografia. Hakumpeleka mtoto shuleni mapema, alimfundisha mwenyewe nyumbani mpaka umri wa miaka 14. Mara nyingi somo lilifanyika njiani. Baba na mtoto wanatembea, halafu baba anasimama, anachora kwa fimbo yake katika mchanga njia ya mto Zambezi jinsi Livingstone alivyoieleza, ama anaonyesha jambo fulani la hesabu. Watu wa kijiji walishangaa kuona mchungaji na mtoto wake wameinama wanatazama chini, kama watu waliopoteza feza.

Baba alitaka mtoto awe mchungaji kama yeye. Lakini mtoto alipenda kiwanda cha mhunzi kuliko michezo yote. Siku moja alitembea kwa miguu mpaka stesheni ya reli, mbali na kwao, ili tu aione injini ya gari la moshi ikisimama kwa dakika chache, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Hata hivyo hakuacha vitabu. Mkono mmoja ulishika nyundo, mwingine ulishika kitabu, na hakuona kwamba vitu hivi viwili vina vita.

Mwaka 1867 aliingia chuo cha walimu mjini Edinburgh. Angalieni vizuri: huyu injinia alisoma kwanza ualimu! Kisha akajifunza katika Chuo Kikuu cha Edinburgh hesabu za juu, fizika na elimu ya mashini, pamoja na kazi ya kupima ardhi. Wakati huo huo alikuwa akifundisha ili apate chakula, na saa nyingine alikwenda katika kiwanda cha mashini pale Leith ili mikono yake ijifunze yale ambayo kichwa kimekwisha kusoma. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani. Kule Berlin alipata kazi ya kuchora mipango ya mashini katika kampuni moja. Akajifunza Kijerumani, na alipokwisha kukijua alitafsiri kitabu cha hesabu cha Kijerumani kwa Kiingereza. Tena alibuni mashini ya kilimo ambayo ilipata zawadi ya kwanza katika maonyesho ya Breslau. Mtu mwingine angesema: sasa nimefika, nina kazi na mshahara mzuri, kusoma kumekwisha. Mackay hakusema hivyo.

Mwezi wa Novemba 1875, gazeti moja la London lilichapisha barua ya msafiri Stanley. Alikuwa amefika kwa Mutesa, mfalme wa Buganda, na aliomba walimu wa Injili waende kule. Lakini hakuomba wahubiri tu. Alitaka watu wanaoweza kufundisha pia kazi za mikono, kujenga, kulima na kuponya wagonjwa. Mackay alijitoa kwa Church Missionary Society, yaani CMS ya Uingereza. Walikuwa watu 8, na yeye alikuwa mdogo wao wote. Katika kuagana aliwaambia wakubwa wa CMS wasishangae wakisikia baada ya miezi michache kwamba mmoja wao amekufa. Wakisikia hivyo, wasivunjike moyo, wapeleke mwingine mahali pake. Waliondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1876, na mwisho wa Mei walifika Unguja. Na kweli, kati ya wale 8, wengine walikufa upesi, wengine walirudishwa na magonjwa.

Hapa Afrika ndipo masomo yake yote yalianza kuitwa, moja baada ya lingine. Alipougua njiani, alirudishwa pwani. Akapewa kazi ya kufungua barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, karibu kilometa 370 za pori, mito na matope. Mwaka 1877 aliimaliza, pamoja na watu wenye shoka, misumeno na majembe. Kazi ya kupima ardhi aliyojifunza Edinburgh ilitumika hapo. Lakini Afrika nayo ilimfundisha jambo lisiloandikwa katika vitabu vyake: magari ya ng'ombe aliyoyategemea hayakufaulu, kwa kuwa mbung'o waliwaua ng'ombe.

Katika Desemba 1877 wenzake wawili, Smith na O'Neill, waliuawa huko Ukerewe, kisiwa cha ziwa Victoria. Mackay akapanda kwenda ziwani. Alipofika Kagei, katika mwaka 1878, alikuta mizigo ya misioni imerundikwa ovyo, vyuma vimeshika kutu, vitu vimevunjika, na mashua yao iliyoitwa Daisy imeharibika. Akakaa kitako, akatengeneza kimoja kimoja. Kisha akaenda Ukerewe bila silaha kuonana na mfalme Lukonge, akapatana naye.

Mwezi wa Agosti yeye na mwenziwe Wilson walisafiri na Daisy, wakapigwa na tufani, mashua ikavunjika ufukoni. Sisi wa Tanganyika tunaijua tufani ya ziwa. Unafikiri walifanya nini? Walikata sehemu ya katikati ya mashua, wakaunganisha mbele na nyuma, na mbao za katikati zikawa viraka. Kazi ilichukua majuma manane. Mackay hakuwa fundi wa mashua hata kidogo, lakini aliyezoea kujifunza haogopi kazi asiyoijua. Mwezi wa Novemba 1878 alifika kwa Mutesa.

Tuseme hapa jambo moja la kutufurahisha. Lugha aliyoanza nayo kufundisha Injili katika baraza la Mutesa ilikuwa Kiswahili chetu, maana watu wengi wa barazani walikijua kwa sababu ya biashara, na Askofu Steere wa Unguja alikuwa ametafsiri sehemu za Biblia. Basi injinia alikaa chini kama mtoto wa darasa la kwanza akajifunza Kiswahili. Kisha akaanza tena mwanzo kabisa, akajifunza Luganda. Alipoona watu wanatamani kusoma na hakuna vitabu, alichonga herufi za mbao kwa mkono wake, akazipiga chapa, vijana wakapata karatasi za kusomea. Baadaye, pamoja na wenzake na vijana Waganda, alitafsiri Injili ya Matayo katika Luganda na kuipiga chapa. Sisi tunaotoa gazeti hili dogo tunajua kazi ya kupata kurasa chache tu. Yeye alianzia kwenye kipande cha mti.

Pale Natete alichimba kisima, akatengeneza pampu. Watu walistaajabu kuona maji yanapanda juu, maana maji waliyoyajua ni ya kushuka. Wengine walidhani ni uchawi. Mackay alieleza kwamba hakuna uchawi, ni mpango wa Mungu katika vitu alivyoviumba, na kila mtu anaweza kuujifunza. Sisi wa Uvira, ambao kipindupindu si hadithi kwetu, tunajua thamani ya kisima chema. Mwaka 1882 mama yake Mutesa alipofariki, mfalme alimwomba Mackay atengeneze majeneza matatu, moja ndani ya lingine, na moja lao la shaba. Kwa hiyo injinia wa mashini akawa fundi wa majeneza pia. Watu walimwita Mzungu wa kazi. Lile jina lilikuwa na maana, kwa sababu barazani wengi walidhani kazi ya mikono ni ya watumwa na wanawake tu.

Hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali wa maneno, na mabishano yake na mapadri Wakatoliki mbele ya mfalme yaliwachanganya Waganda kuliko kuwasaidia. Tena alikuwa mtu wa wakati wake. Alitamani Uingereza itie mkono katika nchi hizo, na njia za wamisionari zilifuatwa baadaye na wakoloni. Mambo haya ni kweli, na mwanafunzi wa historia asiyafiche.

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mtoto wake Mwanga akatawala. Hapo mateso yakaanza. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni ya Mackay, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walichomwa moto kwa sababu ya imani yao. Umri wao ulikuwa kama wenu ninyi mnaosoma. Mwaka ule ule Askofu Hannington aliuawa njiani, na tarehe 3 Juni 1886 Wakristo wengi, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, walichomwa Namugongo. Mackay alibaki, na kwa muda karibu mwaka mmoja alikuwa peke yake. Katika siku hizo za hofu aliendelea kutafsiri na kupiga chapa. Na kwa nini mfalme hakumwua? Sababu moja, hakuna aliyeweza kufanya kazi zile. Mwaka 1887 ilimpasa kuondoka, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa.

Stanley alipita Usambiro mwaka 1889 akirudi kutoka safari yake ya kumtafuta Emin Pasha, safari iliyovuka msitu wetu wa Kongo na kuua watu wengi. Alikuta nyumba iliyojengwa vizuri, kiwanda chenye moto, injinia anayeunda mashua ya moshi, na chumba ambacho kuta zake zimejaa vitabu. Fikirini, mahali pale, miezi mingi kutoka duka lolote la vitabu! Kila kitabu kilikuja juu ya kichwa cha mchukuzi. Stanley alimshauri aondoke naye akapumzike Ulaya, maana alikuwa hajarudi kwao tangu 1876. Mackay akakataa, hakuona mtu wa kumwachia kazi. Mwezi wa Februari 1890 homa ya malaria ilimshika, na tarehe 8 akafariki, umri wake miaka 40. Mashua ya moshi ilikuwa haijaisha. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa, ikazikwa Namirembe, Kampala.

Sasa turudi kwa lile neno letu, si ya seksioni yangu. Hesabuni yale yaliyomsaidia Mackay. Uinjinia, ndiyo. Lakini tena ualimu, lugha nne, jiografia ya baba yake, upimaji wa ardhi, uhunzi, useremala, kupiga chapa na Biblia. Alipokuwa Berlin, nani angemwambia kwamba siku moja atahitaji kuchonga herufi za Luganda? Hakuna. Hakusoma kwa kuwa alijua kesho yake, alisoma kwa kuwa hakuijua.

Na sisi? Mwezi wa Aprili 2020 mto wetu Mulongwe ulishuka kutoka milimani kwa nguvu, ukachukua watu, nyumba na madaraja. Mtu wa kutulinda na mto ule hatajua simenti peke yake. Lazima ajue mvua, udongo wa milima, miti inayokatwa huko juu, hesabu ya feza, na lugha ya kuzungumza na mama mwenye shamba kando ya maji. Je, hiyo ni ya seksioni gani? Labda mtu huyo ameketi sasa katika darasa letu, na leo ameacha kaye ya jiografia nyumbani kwa kusudi.

Ndugu, diploma ni mlango, nyumba iko ndani. Wewe wa Komersi, omba kaye ya biolojia kwa rafiki yako. Wewe wa Biokemia, jioni moja kaa na fundi seremala, umwulize sababu ya kila kiungo. Na ninyi walimu wetu, tunawaomba kwa heshima msichoke na maswali yetu yasiyo ya programu. Mungu awabariki wote.