Jean de Heinzelin na mfupa wa Ishango

Ukitoka Butembo ukashuka upande wa mashariki mpaka Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Edouard, Ishango haiko mbali tena. Ni pale pale mto Semliki unatoka ziwani na kuanza safari ya kwenda ziwa Albert, na kutoka kule maji yanaingia Nili. Wakaaji wa wilaya ya Beni wanaijua Ishango juu ya viboko, samaki na kituo cha walinzi wa hifadhi ya Virunga. Lakini walimu wa mahesabu wa Amerika, Ulaya na Asia, ambao wengi hawajawahi kusikia jina la Butembo, wanaijua juu ya mfupa mmoja wa sentimita 10 hivi. Aliyeutoa udongoni ni Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin de Braucourt.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1920. Elimu yake ilikuwa jeolojia, ni kusema kusoma ardhi: mawe, mchanga, udongo, na namna vimelaliana tabaka juu ya tabaka. Alifanya kazi kwenye taasisi ya kifalme ya elimu ya viumbe na maumbile huko Bruxelles, na kwa miaka mingi alikuwa profesa wa iniversite ya Gand na ile ya Bruxelles. Tusisahau hilo la jeolojia. Watu wengi wanamuita mtafuta vitu vya kale, na kweli alikuwa hivyo, lakini kwake kifaa cha kale kisichojulikana kilitoka tabaka gani kilikuwa karibu bure.

Mwaka 1950, wakati alipokuja kuchimba Ishango, alikuwa na miaka karibu 30. Inchi ilikuwa bado koloni la Wabelgiji, na hifadhi, ambayo ilianzishwa mwaka 1925, ilikuwa inaitwa Parc National Albert. Hakuwa wa kwanza kuona kitu pale. Mwaka 1935 Mbelgiji mwingine, Hubert Damas, alikuja kuchunguza maji ya ziwa na viumbe vyake, akapata Ishango mifupa ya watu na vyusa vya mfupa. Damas alikuwa mtu wa maji, si wa kuchimba. Kazi yenyewe ilibaki ikingoja.

De Heinzelin na wafanyakazi wake walichimba pale ukingoni, wakishuka tabaka moja moja. Walichokuta ni kijiji cha wavuvi. Mifupa ya samaki ilikuwa mingi sana, na ya wanyama waliowindwa, kiboko akiwemo. Kulikuwa mawe ya kusagia. Kulikuwa vipande vya kwarizi, lile jiwe jeupe gumu, vilivyochongwa bila urembo mwingi. Na kulikuwa vyusa, vilivyochongwa vizuri kabisa kwa mfupa. Aliona kwamba vyusa vya tabaka za chini vina meno pande mbili, lakini kadiri unavyopanda juu, kwa watu waliokuja nyuma, meno yanabaki upande mmoja tu. Kumbe hata chombo cha kuvulia samaki kina historia yake. Alifikiri ufundi huo ulisafiri kutoka hapa kwetu kufuata Nili, ukafika Khartoum na hata Misri. Katika miaka ya 1950 wazungu wengi walikuwa wanaamini kila ufundi ulishuka kutoka kaskazini kuja Afrika ya kati. Yeye alichora mshale ukienda upande mwingine. Leo si wote wanaukubali mshale huo, lakini kuuchora wakati ule hakukuwa kitu kidogo.

Halafu ule mfupa. Ni wa rangi ya kahawia nzito, na kwenye ncha moja umeshikiliwa kipande cha kwarizi, kama vile ulikuwa mpini wa kuchorea au kukatia. Ubavuni una mikato midogo, imepangwa kwa mafungu katika mistari mitatu. Mstari mmoja una mafungu ya 11, 21, 19 na 9. Mwingine una 11, 13, 17 na 19. Wa tatu una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisha mstari wa kwanza, unapata 60. Wa pili pia, 60. Wa tatu, 48.

De Heinzelin alikaa na hizo hesabu muda mrefu. Aliona 3 karibu na 6, na 4 karibu na 8, sawa na mtu anayezidisha kwa mbili. Aliona 11 na 21 kuwa 10 na 20 zilizoongezwa moja, na 19 na 9 kuwa 20 na 10 zilizopunguzwa moja. Na 11, 13, 17, 19 ni zile namba ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, zote zilizo kati ya 10 na 20. Basi akasema mtu wa Ishango alikuwa anacheza na hesabu. Aliyaandika katika kitabu cha uchimbaji kilichotoka mwaka 1957, kisha mwaka 1962 katika jarida la Scientific American la Marekani, na ni hapo mfupa ukapata jina duniani.

Wengine walibisha, na haki walikuwa nayo. Alexander Marshack, Mmarekani, aliona ni kalenda ya mwezi. Kuna wanaosema mikato ni ya kuzuia mpini usiteleze mkononi, basi. Upande wa mahesabu, shida kubwa iko kwenye zile namba zisizogawanyika: ili uzitambue unapaswa kwanza kujua kugawanya, na hakuna kitu kingine Ishango kinachoonyesha hivyo. Inawezekana sana zilitokea tu. Lakini mafungu yamepangwa, na kuzidisha kwa mbili kunaonekana kwa macho. Kwamba mtu alikuwa anahesabu kitu fulani, siku au samaki au watu, ni jambo gumu kulikataa.

Kosa lake kubwa lilikuwa kwenye umri. Aliuweka mfupa kwenye miaka 8,000 hivi kabla ya Kristo. Vipimo vya makombe ya kono vilikuwa vimetoa umri mkubwa zaidi ya mara mbili, lakini hakuviamini, sababu maji ya ziwa lenye volkano karibu yanaweza kudanganya kipimo. Ilikuwa hofu ya mjeolojia mwangalifu, na ilimpoteza. Katika miaka ya 1980 Alison Brooks, Mmarekani, na wenzake walipima upya, wakapata miaka 20,000 na zaidi.

Baada ya Ishango kazi ilimpeleka mbali. Wakati bwawa la Aswan lilikuwa linajengwa na maji kutaka kufunika bonde la Nili, alikuwa Nubia, upande wa Sudani, akiandika historia ya mto ule kupitia tabaka zake. Alifanya Ethiopia miaka mingi, kwenye bonde la Omo kwanza, halafu Awash ya kati. Watafuta mifupa ya mababu wa binadamu walimtaka sababu aliweza kuwaambia kitu kilicholala hapa ni cha wakati gani, na wakati ule hapo palikuwa ziwa, mto au nyasi.

Semliki alirudi, safari hii katika inchi iliyokuwa inaitwa Zaire, pamoja na timu ya kimataifa ya miaka ya 1980. Kazi ya timu ile ilizaa makubwa. Katanda, kilometa chache chini ya Ishango kwenye Semliki, vilitoka vyusa vya mfupa ambavyo Brooks na John Yellen walivipa mwaka 1995 umri wa miaka karibu 90,000, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Umri huo umebishaniwa. Ukiwa kweli, watu wa bonde hili walikuwa wanachonga vyusa mbele sana ya watu wa Ulaya. De Heinzelin mwenyewe aliandika na Jacques Verniers kitabu juu ya ardhi ya Semliki ya juu. Kilitoka mwaka 1996, mwaka ule ule vita viliingia Kivu, na tangu hapo kuchimba kule kumekuwa kugumu.

Inashangaza kidogo kwamba katika Butembo, penye iniversite inayoitwa Graben, neno la wajeolojia la bonde hili la ufa, jina la mtu aliyelisoma bonde hilo maisha yake yote halitajwi sana. Na ule mfupa hauko Kivu. Uko Bruxelles, kwenye jumba la makumbusho la taasisi aliyoifanyia kazi, nyuma ya kioo. Uliondoka wakati ambapo hakuna mkaaji wa hapa aliyeweza kuulizwa. Mwanafunzi wa Beni anayetaka kuhesabu ile mikato kwa macho yake anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege.

De Heinzelin alikufa tarehe 4 Novemba 1998. Mwezi wa Aprili 1999 ilitoka, jina lake likiwa la kwanza, makala juu ya Bouri katika Ethiopia, fasi penye mifupa ya wanyama iliyokatwa kwa mawe miaka milioni 2 na nusu iliyopita. Na kuhusu Ishango alikuwa ameacha deni: mfupa wa pili wenye mikato, kutoka machimbo yale yale, ambao alikuwa nao miaka mingi bila kuutangaza. Alianza kuushughulikia karibu na mwisho wa maisha yake. Wengine walimalizia, na mwaka 2007 wataalamu wa mahesabu na wa mambo ya kale walikutana Bruxelles kubishana juu ya mifupa yote miwili.