Wapenzi wa riwaya za ajabu wamsome Shaaban Robert

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa vijana wetu wapendao kusoma, kwamba riwaya za nchi za kubuni, za majini na za safari za angani ni mali ya wageni. Hapa Magunga, katika eneo la Gwassi, nawafahamu vijana wanaoweza kukusimulia vita vyote vya Tolkien pasipo kufungua kitabu, na wengine ambao husoma tafsiri za riwaya za Kijapani katika simu zao hadi usiku wa manane. Siwalaumu hata kidogo, kwani mimi nami ni wa kundi hilo. Ninalolipinga ni kauli yao kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo.

Kauli hiyo inashangaza zaidi ikitoka kwa watu wa huku. Kanyamwa, ambako si mbali, ndiko alikotoka Gor Mahia, yule mganga na mtawala ambaye wazee husimulia kuwa aliweza kujigeuza umbo apendavyo. Karibu na Kendu Bay liko ziwa la Simbi Nyaima, ambalo masimulizi yasema lilimeza kijiji kizima kwa sababu ya kumnyima bikizee ukarimu. Mtoto aliyelelewa na hekaya hizo hana haja ya kuagiza maajabu kutoka ng'ambo, ingawa hakatazwi.

Lakini leo nataka kumzungumzia mtu wa vitabu, marehemu Shaaban Robert. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, wakati Wajerumani wangali wakiitawala Tanganyika. Alipofikia umri wa kusoma, Waingereza walikuwa wamekwisha kuchukua nafasi yao. Alipelekwa shuleni Dar es Salaam, akasoma huko kati ya mwaka 1922 na 1926, kisha akaingia katika utumishi wa serikali kama karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya kwa takriban miaka 18, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyama wa porini huko Mpwapwa, akarejea Tanga katika ofisi ya wilaya, na hatimaye akaitumikia idara ya upimaji ardhi hadi mwaka 1960.

Nimeitaja orodha hiyo ya ofisi kwa makusudi. Huyu hakuwa mtu wa chuo kikuu wala tajiri mwenye wakati wa kupoteza. Alikuwa karani mwafrika chini ya wakoloni, anayelipwa na serikali ileile ambayo dhuluma zake aliziona kila siku. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi la maombolezo ambalo hadi leo linaheshimiwa. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kuanzia mwaka 1931, ambazo zilikuja kukusanywa kuwa kitabu, zinamwonyesha mtu mwenye shughuli nyingi na shida za kawaida. Pamoja na hayo yote aliandika tenzi, insha, tawasifu, wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, na tafsiri ya Omar Khayyam.

Karani wa namna hiyo angesema nini juu ya utawala, na angekisemea wapi? Jibu lake lilikuwa ni kuondoka duniani. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, alijenga nchi inayoelea angani, akaipa mfalme, mawaziri na mahakama. Humo kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuinufaisha nchi, na kila mmoja akalipwa kwa kutiwa gerezani. Msomaji wa Tanganyika wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa nchi hiyo iko wapi. Mwaka uliofuata ikatoka Adili na Nduguze, yenye majini na ndugu wawili wahasidi waliogeuzwa manyani. Kiini chake kinafanana sana na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, jambo ambalo halimpunguzii heshima, kwani hata Wazungu wamekopa humo bila kuomba.

Wale wa riwaya za Kijapani nawaomba wamfikirie Akutagawa Ryunosuke. Mwaka 1927, karani wetu akiwa bado mgeni kazini, Akutagawa alichapisha Kappa, kisa cha mtu aliyetumbukia katika nchi ya viumbe wa majini, wenye sheria na siasa zao, ambao kumbe ni Wajapani wenyewe wakisutwa. Sidai kwamba Shaaban Robert alikisoma kitabu hicho. Ninachosema ni kwamba hila ni moja, na anayeisifu Tokyo akaidharau Tanga hana mizani ya haki.

Zipo dosari, na mpenzi wa kweli huziona. Majina yake hufichua mambo mapema mno: mtu akiitwa Hasidi, nani atashangaa akimhusudu nduguye? Hotuba nazo ni ndefu. Hata hivyo msomaji anayevumilia nasaba za wafalme wa Tolkien, kurasa kwa kurasa, hawezi kulalamikia hotuba za Karama. Kinachomwonea zaidi marehemu ni sisi walimu na watahini, ambao tumewazoesha wanafunzi kumtafuta katika kila sentensi maudhui na tamathali za kujibia maswali, mpaka wasahau kwamba wapo watu wanaoishi juu ya mawingu.

Shaaban Robert alifariki Tanga mnamo Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kujipatia uhuru. Kufikirika, ambayo aliiandika katika miaka ya 1940, ilikuwa bado haijachapishwa. Ilitoka baada ya kifo chake, miaka ya 1960 ikielekea ukingoni. Nayo ni nchi ya kubuni, yenye mfalme asiye na mtoto na waganga wasioaminika. Na wale wanaodai roketi na sayari, wasiishie kwake. Mwaka 1995 Mkenya mwenzetu, marehemu Katama Mkangi, alichapisha Walenisi, ambamo mtu mwingine aliyehukumiwa na watawala, Dzombo, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani ili afe. Hafi. Anatua katika sayari ya watu wanaoishi kwa usawa, na lile jina la sayari, ukilikata vipande vitatu, utajua ni kina nani hao.