PHILO FARNSWORTH: Kijana wa shambani aliyeichora runinga kwa mistari

Anayetoa kabatini mtambo wa michezo ya video wa miaka ya themanini au tisini, uwe wa Nintendo, Sega au PlayStation ya kwanza, na kuuunganisha na runinga bapa ya kisasa, aghalabu hupigwa na butwaa. Picha aliyoikumbuka ikiwa kali na yenye rangi za kuvutia humjia ikiwa na ukungu. Wahusika wamenenepa kwa kuwa picha imevutwa ili ijaze skrini pana, na kitufe kinapobonyezwa, mruko huchelewa kuonekana. Wengi huishia kuulaumu mtambo kwa uzee wake.

Mtambo hauna hatia. Ungali unafanya kazi uliyoundiwa: kutuma picha mstari baada ya mstari kwa runinga ya neli ya kioo, ile nene yenye mgongo mkubwa. Na anayetaka kujua mistari hiyo ilitoka wapi hana budi kurudi hadi mwaka 1921, katika shamba moja karibu na mji mdogo wa Rigby, jimbo la Idaho, Marekani, ambako mvulana wa miaka 14 alikuwa akilima kwa zana iliyokokotwa na farasi.

Philo Taylor Farnsworth alizaliwa Agosti 19, 1906, katika nyumba ya magogo karibu na Beaver, jimbo la Utah, katika familia ya wakulima wa madhehebu ya Mormon. Walipohamia Idaho, alikuta jambo ambalo hakuwa amelizoea: nyumba yenye umeme. Juu darini kulikuwa na rundo la majarida ya sayansi, naye akayasoma kwa uchu. Haikuchukua muda kabla hajaifunga mota mashine ya mama yake ya kufulia, iliyokuwa ikizungushwa kwa mkono.

Hakuwa mtu wa kwanza kuwazia runinga. Mnamo 1884 Paul Nipkow wa Ujerumani alikuwa amebuni sahani yenye matundu ambayo, ikizungushwa, huigawa picha katika mistari. John Logie Baird angeitumia njia hiyo jijini London mnamo 1926 kuonyesha nyuso za watu kwa mistari 30 tu. Lakini sahani ina mwisho wa mwendo wake. Picha safi huhitaji mamia ya mistari kwa kufumba na kufumbua, na hakuna chombo cha kuzunguka kiwezacho kazi hiyo vyema.

Hapo ndipo shamba lilipomfaa Farnsworth. Alipogeuka na kuyatazama matuta aliyoyalima, yamelala sambamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, alitambua kwamba elektroni zingeweza kuisoma picha vivyo hivyo, tuta baada ya tuta, zikiongozwa na sumaku ndani ya chupa ya kioo isiyo na hewa. Elektroni ni nyepesi mno, hivyo basi hakuna sahani wala gurudumu ambalo lingehitajika. Mwaka uliofuata alimchorea mwalimu wake wa kemia, Justin Tolman, mpango huo mzima ubaoni. Mwalimu hakuelewa kila kitu, ila hakusahau.

Baba yake alifariki mapema mwaka 1924, na masomo yake ya chuo kikuu huko Provo yakakatika kwani familia ilimtegemea. Mnamo Mei 1926 alimuoa Elma Gardner, aliyefahamika kama Pem. Wafadhili wawili waliokutana naye Salt Lake City, George Everson na Leslie Gorrell, walimpa dola 6,000 za kuanzia. Baadaye watu wa benki jijini San Francisco wakaongeza dola 25,000. Maabara yao ilikuwa katika nyumba nambari 202, barabara ya Green. Kaka yake Pem, Cliff Gardner, alijifunza kupuliza kioo na kuziunda chupa hizo kwa mikono yake.

Septemba 7, 1927, Cliff aliweka mbele ya chupa ya kunasia picha kipande cha kioo kilichochorwa mstari mmoja. Katika chumba cha pili, Farnsworth, Pem na Everson walikodolea macho skrini ndogo. Mstari ukatokea. Cliff alipokigeuza kioo, mstari nao ukageuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa picha ya kwanza kutumwa na mtambo wa runinga usio na sehemu yoyote ya kuzunguka, na aliyeubuni alikuwa na umri wa miaka 21. Wafadhili walipoanza kuulizia faida yao, aliwaonyesha kwenye skrini alama ya dola.

Ushindi wa maabara haukumpa utulivu. Mnamo Aprili 1930 alimkaribisha Vladimir Zworykin, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akijiunga na kampuni kubwa ya redio ya RCA, akamfungulia milango ya maabara kwa siku tatu. Mwaka uliofuata David Sarnoff, mkuu wa RCA, alikuja kujionea mwenyewe. Kampuni hiyo ilikuwa tayari kutoa dola 100,000 kununua kazi yote pamoja na huduma za Farnsworth. Akakataa. Alitaka kulipwa mirabaha kwa kila runinga, si kuuza kila kitu kwa mkupuo.

Kilichofuata ni kesi mbele ya ofisi ya hataza ya Marekani. RCA ilidai kwamba Zworykin, aliyewasilisha ombi lake mwaka 1923, ndiye aliyetangulia. Mawakili wa Farnsworth walimtafuta mwalimu Tolman, naye akatoa ushahidi na kuuchora tena mpango aliouona ubaoni. Kwa sisi tunaoishi kwa makaratasi, hicho ndicho kisa kitamu kuliko vyote katika maisha haya: mwalimu wa kijijini akiitwa kuthibitisha alichoambiwa na mwanafunzi wa miaka 15. Uamuzi ulitolewa Julai 1935, na Farnsworth akatambuliwa kuwa ndiye mvumbuzi.

Wakati huo nyumba yake ilikuwa imeonja msiba. Mwanawe mdogo, Kenny, aliaga dunia mnamo Machi 1932 familia ikiishi Philadelphia, na Pem akausindikiza mwili peke yake kwa garimoshi hadi Utah kwenda kuzikwa.

RCA ilisalimu amri mnamo 1939, ikakubali kumlipa dola milioni moja pamoja na mirabaha. Lakini vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha kuanza, na mnamo 1942 uundaji wa runinga za kuuzwa ulisitishwa Marekani. Viwanda viliporejelea kazi, muda ulikuwa umemtupa mkono: hataza zake kuu zilimalizika mwaka 1947, pale tu umma ulipoanza kununua runinga kwa wingi. Alikuwa ameanza kunywa kupita kiasi na afya yake ya akili ilikuwa imetikisika. Oktoba mwaka huohuo moto wa misitu uliteketeza makazi yake katika jimbo la Maine. Kampuni yake, iliyokuwa na makao Fort Wayne, jimbo la Indiana, ilinunuliwa na ITT mnamo 1949.

Mwaka 1957 alialikwa kwenye kipindi cha runinga ambamo wanajopo hukisia siri ya mgeni. Walishindwa. Mtu aliyewezesha sura zao kuonekana majumbani hawakumjua hata kidogo, naye akaondoka na dola 80 na sigara. Miaka yake ya mwisho aliimaliza akitafiti nishati ya nyuklia, hadi pesa zikaisha. Alifariki Machi 11, 1971, akiwa na umri wa miaka 64. Sanamu yake iliwekwa katika jengo la bunge jijini Washington mnamo 1990 kuwakilisha Utah, hadi jimbo hilo lilipoamua nafasi hiyo apewe Martha Hughes Cannon, ambaye sanamu yake ilizinduliwa Desemba 2024.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, kampuni ya Magnavox, ambayo kwa sadfa makao yake yalikuwa mji uleule wa Fort Wayne, iliuza Odyssey, mtambo wa kwanza wa michezo wa kuunganishwa na runinga nyumbani, uliobuniwa na Ralph Baer. Runinga za wakati huo hazikuwa na tundu la kupokelea chochote isipokuwa mawimbi ya antena. Kwa hiyo Odyssey ilijifanya kituo cha utangazaji, ikaingia kwa njia ya antena.

Mitambo iliyoifuata ilitumia hila nyingine. Kiwango cha Marekani cha mwaka 1941 kilikuwa mistari 525, iliyochorwa kwa awamu mbili: mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa katikati yake, awamu 60 kwa sekunde. Huku kwetu Kenya na kwingineko palipofuatwa mfumo wa PAL, mistari ni 625 na awamu ni 50. Mitambo ya michezo, ili kupunguza kazi, ilituma mistari ipatayo 240 na kuichora mahali palepale kila awamu. Nafasi zilizobaki katikati zilikuwa nyeusi, na weusi huo ndio ulioipa picha ukali wake. Waliochora michezo hiyo walikuwa wakiichorea neli.

Runinga bapa haichori mistari. Ina nukta zisizosogea, nayo hudhani imepokea nusu tu ya picha, ikahangaika kuitafuta nusu ya pili ambayo haipo. Huko ndiko hutoka ukungu na ucheleweshaji. Vibadilishaji vya bei nafuu vya HDMI vinavyouzwa madukani hufanya kosa hilohilo. Vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa kazi hii, kama vile RetroTINK na OSSC, huitambua mistari 240 jinsi ilivyo na kuizidisha kwa namba kamili: mara tatu ni 720, mara tisa ni 2,160, ambayo ndiyo idadi ya mistari ya skrini ya 4K.

Waya nao una neno. Njia ya antena ndiyo duni kuliko zote. Waya wa manjano unaochanganya rangi zote ni afadhali kidogo, na njia ya RGB, inayotenganisha nyekundu, kijani na buluu, ndiyo bora ikiwa mtambo unaitoa. Ni vyema pia kuirejesha picha kwenye umbo lake la nne kwa tatu na kuiweka runinga katika hali ya michezo, ambayo hupunguza ucheleweshaji.

Kuna kimoja ambacho vifaa hivyo havikitibu. Ile bunduki ya Nintendo ya kulengea bata katika mchezo wa Duck Hunt hutegemea mwanga wa mwale unaopita kwenye kioo cha neli papo hapo, na mbele ya runinga bapa haitambui shabaha yoyote. Anayetaka kuwinda bata hao hana budi kumtembelea fundi ambaye bado ana runinga moja nene rafuni.