Mgeni njoo mwenyeji apone: funzo la Nkrumah

Kila muhula mpya unapoanza, mimi hukutana darasani na vijana kutoka nje ya mipaka yetu: Sudan Kusini, Somalia, Rwanda na Kongo. Aghalabu sisi wahadhiri huwahesabu kuwa wamekuja kuchota tu, kana kwamba wamefika mikono mitupu. Fikira hiyo ni potovu, nami nakiri kwamba niliwahi kuwa nayo. Aliyenizindua ni marehemu Kwame Nkrumah, si kwa siasa zake, bali kwa miaka yake ya uanafunzi ugenini.

Nkrumah alizaliwa katika kijiji cha Nkroful, Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo. Mwaka wake wa kuzaliwa hutajwa kuwa 1909. Alihitimu ualimu Achimota mwaka 1930, akafundisha katika shule za Kikatoliki, kisha mwaka 1935, kwa msaada wa jamaa zake, akasafiri kwa meli kwenda Marekani. Alipopitia London alipata habari kwamba Italia imeivamia Ethiopia, na uchungu huo akaondoka nao.

Alijiunga na Lincoln, chuo cha Pennsylvania kilichoanzishwa mwaka 1854 kwa ajili ya vijana weusi. Alifika muhula ukiwa umeshaanza, na fedha alizokuwa nazo hazikutosha karo. Ikambidi afanye kazi ili asome. Wakati wa likizo aliuza samaki mitaani Harlem, mpaka ngozi yake ikaharibika kwa vipele. Alihamia kiwanda cha sabuni, akibeba mafuta na matumbo ya wanyama yaliyooza. Baadaye alikwenda baharini kuosha vyombo na kuhudumia abiria mezani. Usiku ambao hakuwa na pa kulala, alikata tikiti ya treni ya chini ya ardhi, akasinzia humo akienda na kurudi kati ya Harlem na Brooklyn. Fauka ya hayo, ulikuwapo ubaguzi wa rangi, uliomnyima hata maji ya kunywa safarini.

Hata hivyo, hakujifungia na upweke wake. Alihubiri katika makanisa ya watu weusi, akawatafuta Waafrika wenzake, hata akawa rais wa chama cha wanafunzi wa Kiafrika Marekani na Kanada. Lincoln ilimpa shahada mwaka 1939 na nyingine ya theolojia mwaka 1942. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipata uzamili wa elimu mwaka 1942 na wa falsafa mwaka 1943.

Ni huko Pennsylvania lilikotokea jambo ambalo wanasiasa hulipuuza, lakini sisi wanaisimu hatuwezi kulipuuza. Mtaalamu William Welmers alikuwa akichunguza Kifante, naye alihitaji mtu wa kumtamkia lugha hiyo. Nkrumah akaketi naye, akawa anatamka huku mtaalamu akiandika. Sarufi iliyotokana na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1946. Yule mwosha vyombo, katika chumba kile, ndiye aliyekuwa mwalimu.

Shahada ya uzamifu hakuimaliza. Mwaka 1945 alihamia Uingereza, akashiriki Kongamano la Manchester pamoja na Jomo Kenyatta, na mwaka 1947 akarudi kwao baada ya miaka 12. Ghana ilijipatia uhuru tarehe 6 Machi 1957. Utawala wake ulikuwa na doa: sheria ya mwaka 1958 iliruhusu watu kufungwa bila kushtakiwa, na mwaka 1964 nchi ikawa ya chama kimoja. Jeshi lilimpindua mwaka 1966, akafia Bucharest mwaka 1972, akiwa tena mgeni.

Sasa nirudi darasani kwangu. Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Lubumbashi. Kiswahili chake kilichanganyika na Kifaransa, na upatanisho wake wa ngeli haukuwa wetu. Kila aliponena nilimsahihisha mbele ya wenzake, nao wakacheka. Kufikia katikati ya muhula alikuwa akikaa nyuma kabisa, kimya. Mimi, daktari wa isimu, nililetewa mlangoni lahaja niliyokuwa nikiisoma vitabuni tu, nami nikaona makosa matupu.

Ni baada ya kusoma habari za Nkrumah na Welmers ndipo nilipoona haya. Nilimwita kijana huyo, nikamwomba radhi. Kisha nikamwomba atufunze, kwa kipindi kimoja, jinsi Kiswahili kinavyosemwa kwao. Siku hiyo mimi ndiye niliyeketi nyuma, kalamu mkononi. Hakuna aliyecheka, na tangu siku hiyo kijana yule hakurudi tena kukaa kule nyuma.

Vyuo vyetu humwonyesha mgeni pa kulipia karo na pa kulala. Hayo ni mema, lakini hayatoshi. Mtu hatulii mahali anapopewa tu. Hutulia pale ambapo naye ana cha kutoa na kuna wa kukipokea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenzangu wahadhiri, muhula huu tumuulize mgeni alichotuletea.