John Bonham: Fundi seremala aliyepiga drams, akafa na bendi yake, mashabiki wakagoma kumsahau

DESEMBA 10, 2007, Ukumbi wa O2 jijini London ulikuwa na nafasi ya watu takriban 20,000 tu. Maombi ya tiketi yaliyoingia mtandaoni yalifika milioni 20. Rekodi hiyo ikaingia kwenye kitabu cha Guinness kama shoo moja iliyogombewa kuliko zote.

Bendi iliyokuwa inapanda jukwaani ni Led Zeppelin. Mara ya mwisho kupiga shoo kamili ilikuwa Julai 1980. Mashabiki walisubiri miaka 27, wengine wakiwa wameanza kuwapenda wakiwa wanafunzi na sasa wana wajukuu.

Kilichowafanya wasubiri muda wote huo ni mtu mmoja tu, mpiga drams John Bonham, ambaye wenzake na mashabiki walimuita Bonzo. Alifariki akiwa na miaka 32, na wenzake wakaamua kwamba bila yeye hakuna bendi.

MAKOPO YA KAHAWA

John Henry Bonham alizaliwa Mei 31, 1948, Redditch, mji wa viwanda katikati ya Uingereza. Baba yake alikuwa seremala na mjenzi.

Akiwa na miaka mitano tu alishaanza kugonga makopo ya kahawa na vyombo vingine vya nyumbani, akiwaiga wakali wa drams wa muziki wa jazz kutoka Marekani kama Gene Krupa na Buddy Rich. Alipofika miaka 10 mama yake akamnunulia ngoma moja ndogo. Seti kamili aliipata kwa baba yake akiwa na miaka 15.

Hakuwahi kwenda darasani kujifunza. Alisikiliza, akatazama wanavyofanya wengine, akarudi nyumbani kujaribu.

Mwaka 1964 aliacha shule, akaingia kazini na baba yake kama fundi mwanafunzi. Mchana misumari na mbao, usiku drams kwenye kumbi za mji wa Birmingham na vitongoji vyake. Alipita bendi nyingi, na baadhi ya wenye kumbi walimlalamikia kwamba anapiga kwa nguvu mno.

Akaoa mapema, mkewe akiitwa Pat. Mtoto wao wa kwanza, Jason, alizaliwa Julai 1966. Maisha yalikuwa ya kubana. Waliishi kwenye karavani, na ilibidi aache sigara ili kodi ilipwe. Alimuahidi mkewe kwamba akioa ataachana na drams, lakini kila akitoka kazini jioni alijikuta amekaa nyuma ya ngoma zake.

TELEGRAMU 40

Mwaka 1968 mpiga gitaa Jimmy Page alikuwa anaunda bendi mpya London. Bendi yake ya awali, The Yardbirds, ilikuwa imevunjika, lakini zilibaki shoo za kumalizia kule Skandinavia. Alishampata mwimbaji, kijana Robert Plant, na mpiga besi John Paul Jones, fundi wa studio aliyekuwa anajulikana.

Plant ndiye aliyemtaja Bonham. Walishapiga pamoja kwenye bendi ya Band of Joy, walikuwa marafiki, umri sawa, maeneo yale yale. Page akaenda kumuona kwenye klabu moja kaskazini mwa London, ambako Bonham alikuwa anampigia mwimbaji wa Marekani, Tim Rose. Hakuhitaji kusikiliza mara ya pili.

Tatizo lilikuwa Bonham mwenyewe. Kwa Tim Rose alikuwa na mshahara wa uhakika, na waimbaji Joe Cocker na Chris Farlowe nao walimtaka. Kijana mwenye mke na mtoto angeachaje vyote hivyo kwa bendi ambayo hata jina haina?

Simu ya nyumbani hakuwa nayo. Plant akamtumia telegramu nane kwenye baa aliyozoea kunywa. Meneja Peter Grant akaongeza nyingine 40. Mwisho jamaa akakubali, kwa sababu moja rahisi: aliupenda zaidi muziki wao.

Agosti 1968 wanne hao walikutana kwenye chumba kidogo cha chini mtaa wa Gerrard, London, wakapiga wimbo mmoja, na wakajua hapohapo wamepata walichokuwa wanatafuta. Septemba 7 walipiga shoo ya kwanza Denmark. Albamu ya kwanza, iliyorekodiwa kwa saa 36 tu za studio, ilitoka Marekani Januari 1969.

MGUU MMOJA, KAZI YA MIWILI

Wimbo wa kwanza kwenye albamu hiyo, Good Times Bad Times, uliwachanganya wapiga drams wengi. Ngoma kubwa ya chini, ile inayopigwa kwa mguu, ilikuwa inatoa mapigo ya haraka haraka yaliyofuatana kiasi kwamba wengi waliamini jamaa anatumia ngoma mbili na miguu miwili. Alikuwa anatumia mguu wa kulia tu na pedali moja.

Hata leo wimbo huo ni mtihani. Vijana wanaojifunza drams wanajirekodi kwa simu wakijaribu kuupiga, na wengi mguu unachoka kabla wimbo haujaisha.

Nguvu zilikuwepo. Ngoma yake ya chini ilikuwa na kipenyo cha inchi 26, kubwa kuliko walizotumia wengi. Lakini nguvu pekee haikuwa siri. Bonham alijua kuchelewesha pigo kidogo sana, kiasi kwamba wimbo unakuwa mzito lakini bado unachezeka. Mwili unajitikisa wenyewe. Alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki wa soul, na ukisikiliza vizuri unausikia ndani ya rock yake.

Kwenye shoo alikuwa na kipande chake peke yake, kwenye wimbo Moby Dick. Wenzake wanatoka jukwaani, anabaki na drams, matoazi na upatu mkubwa nyuma yake. Katikati anatupa vijiti, anapiga kwa mikono mitupu. Siku nyingine ilikuwa dakika 20, siku nyingine 30, na watu hawabanduki.

NGOMA CHINI YA NGAZI

Kazi yake iliyosikika mbali zaidi ilifanyika kwenye nyumba ya zamani iitwayo Headley Grange, kusini mwa Uingereza, wakati wa kurekodi albamu ya nne iliyotoka Novemba 1971.

Seti mpya ya drams iliwekwa kwenye ukumbi wa mlangoni, chini ya ngazi ndefu. Fundi mitambo Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu, ghorofani. Wakati huo mazoea yalikuwa kusogeza maikrofoni karibu kabisa na ngoma. Hapa waliacha sauti ipande ngazi, igonge kuta, kisha ndiyo inaswe.

Matokeo yake ni mdundo wa When the Levee Breaks, mzito na mpana. Miaka 15 baadaye kundi la hip hop la Beastie Boys lilikata kipande hicho na kukitumia kwenye albamu yao ya kwanza. Mwaka 2016 kikasikika tena kwenye wimbo wa Beyoncé, Don't Hurt Yourself. Kuna watu wamecheza biti ya Bonham miaka yote bila kujua jina lake.

Mei 1973, mjini Tampa, Florida, Led Zeppelin iliingiza watu 56,800 kwenye shoo moja, ikaivunja rekodi ya The Beatles ya mwaka 1965. Fundi seremala wa Redditch alikuwa hajatimiza miaka 25.

WATU WAWILI NDANI YA MMOJA

Nyumbani, Bonham alikuwa baba wa familia na mkulima. Alinunua shamba Worcestershire, akafuga ng'ombe aina ya Hereford, akapenda magari ya kasi. Kwenye filamu ya bendi ya mwaka 1976 anaonekana akiwa na ng'ombe wake, na anaonekana na Jason, mtoto mdogo akipiga seti ndogo ya drams huku baba akiwa pembeni. Binti yake, Zoë, alizaliwa mwaka 1975.

Safarini ilikuwa hadithi nyingine. Alichukia kupanda ndege na alikumbuka sana nyumbani. Ziara za Marekani zilimaanisha wiki nyingi za hoteli, ndege na kumbi. Akawa anazima mawazo kwa pombe, na pombe ikawa inamtoa mtu mwingine ndani yake.

Julai 1977, mjini Oakland, California, yeye na meneja Grant walikuwa miongoni mwa waliohusika kuwapiga wafanyakazi wa promota nyuma ya jukwaa. Walishtakiwa, hawakupinga mashtaka, wakapewa vifungo vya nje na faini. Ni doa ambalo mashabiki wa kweli hawalifichi.

Siku tatu baada ya tukio hilo, mtoto wa Plant, Karac, alifariki kwa ugonjwa wa ghafla akiwa na miaka mitano. Ziara ikafutwa. Bonham ndiye mwanabendi aliyesimama na rafiki yake mpaka mazishini. Mtu yuleyule aliyetisha wenzake akilewa ndiye aliyekuwa bega la kulilia.

Agosti 1979 walirudi kwa shoo mbili kubwa Knebworth, Uingereza. Wakati wa kupima sauti, Bonham alimkalisha Jason, miaka 13, kwenye drams, akashuka chini kusikiliza bendi yake ikipiga na mwanawe. Ilikuwa mara yake ya kuisikia Led Zeppelin kama shabiki.

SIKU YA MWISHO

Dalili mbaya zilionekana wazi mwaka 1980. Juni 27, Nuremberg, Ujerumani, alianguka jukwaani baada ya wimbo wa tatu na shoo ikaishia hapo. Julai 7 walipiga Berlin. Hakuna aliyejua kwamba ndiyo ya mwisho.

Ziara ya Marekani ilikuwa ianze Oktoba. Septemba 24 msaidizi wa bendi alimpitia Bonham kwenda mazoezini. Njiani walisimama kupata kifungua kinywa. Bonham alikunywa vodka kubwa nne, kila moja ikiwa sawa na toti nne, na mkate wenye nyama. Mazoezini aliendelea kunywa. Usiku walienda nyumbani kwa Page, Windsor, akaendelea tena mpaka akalala. Walimlaza kwa ubavu, wakijua mlevi halazwi chali.

Kesho yake mchana John Paul Jones na fundi wa bendi walienda kumuamsha. Hakuamka.

Uchunguzi ulibaini alikunywa takriban toti 40 za vodka ndani ya siku moja, akatapika akiwa usingizini na kupaliwa. Kifo kilitajwa kuwa cha bahati mbaya. Hakukuwa na risasi wala ajali ya ndege. Ilikuwa ni chupa, ile ile ambayo kila mtu aliyemzunguka aliiona kila siku.

HAKUNA MBADALA

The Who walimpoteza mpiga drams wao, Keith Moon, mwaka 1978 na wakaweka mwingine. Kwa hiyo Bonham alipokufa, majina ya warithi yalianza kutajwa haraka.

Desemba 4, 1980, Page, Plant na Jones walitangaza kwamba hawawezi kuendelea kama walivyokuwa. Bendi iliyokuwa inajaza viwanja ikafungwa.

Mashabiki waliumia, lakini wengi wanasema uamuzi huo ndio uliowafunga kwa bendi hiyo maisha yote. Mwaka 1985 kwenye Live Aid, Philadelphia, watatu hao walijaribu na wapiga drams wawili, Phil Collins na Tony Thompson. Mambo yalikwenda vibaya mpaka baadaye wakakataa kipande chao kiwekwe kwenye DVD ya tamasha. Hata drams mbili hazikutosha nafasi ya mmoja.

VIJITI KABURINI

Majivu ya Bonham yalizikwa kwenye kanisa la kijiji cha Rushock, Worcestershire. Ni kijiji kidogo, lakini mashabiki kutoka nje ya nchi wanakifika. Wanaacha vijiti vya drams na matoazi juu ya kaburi. Wengine walizaliwa miaka mingi baada ya yeye kufa.

Mei 31, 2018, siku ambayo angetimiza miaka 70, mji wa Redditch ulizindua sanamu yake ya shaba akiwa kwenye drams. Miaka miwili nyuma, jarida la Rolling Stone lilimuweka namba moja kwenye orodha ya wapiga drams 100 bora wa wakati wote. Mwaka 2025 filamu ya Becoming Led Zeppelin ilipoingia kwenye majumba ya sinema, mashabiki walisikia sauti ya Bonham akisimulia maisha yake, kutoka kwenye mahojiano ya zamani ya redio yaliyokuwa yamepotea.

Na ile shoo ya O2? Aliyekaa kwenye drams alikuwa Jason. Alikuwa na miaka 14 baba yake alipofariki, na usiku ule alikuwa na 41, tayari mkubwa kuliko baba yake alivyowahi kuwa. Desemba 2012, Marekani ilipowaheshimu Page, Plant na Jones mjini Washington, Jason alipiga Stairway to Heaven na kundi la Heart, kichwani amevaa kofia nyeusi ya mviringo kama aliyopenda baba yake. Kamera zikamnasa Plant machozi yakimlenga.

Jason naye alipita njia ya pombe, ameisema hadharani, kisha akaiacha. Bado anazunguka na bendi yake akipiga nyimbo za baba kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kumuona Bonzo. Mguu uleule, pedali moja, na chupa imebaki nje ya jukwaa.